Kamari ya Senti Chache: Je, Ustadi Huihalalisha?

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake na sahaba zake. Amma baad:

Katika darsa yetu ya baada ya sala ya isha, hapa Mji wa Kale, kijana mmoja aliuliza suala ambalo hatukuweza kulijibu usiku ule. Si kwamba hukumu yake imefichika. Kuwa kamari ni haramu, jambo hilo walijua hata watoto wa chuoni. Lakini kijana huyu hakuuliza kama kamari ni haramu. Aliuliza kama hilo alifanyalo yeye ni kamari. Na alilieleza kwa utulivu na kwa hoja zilizopangika, hata wazee waliokuwako wakatazamana. Tukamwahidi kumjibu kwa maandishi, kwa kuwa twajua kwamba si yeye peke yake aliye na suala hilo moyoni, bali yeye peke yake ndiye aliyekuwa na ujasiri wa kulisema mbele ya watu.

Kabla ya kujibu, ni haki tulieleze jambo lake kama alivyolieleza mwenyewe, wala tusimpunguzie hoja hata moja. Maana kumshinda mtu kwa kuyapotoa maneno yake si ushindi.

Kijana huyu ana miaka 24. Ni mtoto wa mjane, hana tabia mbaya ijulikanayo, na safu ya mbele msikitini yamjua. Alipomaliza skuli alijifunza kutengeneza simu, lakini hakuwa na fedha za kununua vyombo vya kazi. Mwaka jana alitia shilingi 500 katika mchezo wa karata uchezwao kwa simu, uitwao poka. Kila mchezaji hupewa karata mbili za siri, na karata tano huwekwa wazi mezani. Watu hutia fedha kwa zamu, na ambaye haoni tamaa huacha karata zake na kupoteza alichokwisha kukitia. Alikaa katika meza za chini kabisa, ambazo mtu huingia na dola mbili na dau la kuanzia ni senti moja na senti mbili za Marekani. Akajiwekea kanuni: asikae mezani na zaidi ya sehemu moja katika ishirini ya mali yake, asipande meza ya dola tano mpaka mtaji umejaa, akipungukiwa, ashuke, akikasirika, aondoke. Kila usiku aliandika katika daftari alichopata na alichopoteza. Kwa mwendo huo, katika muda wa miezi kumi na minne, shilingi 500 zikawa karibu na shilingi 60,000.

Katika fedha hizo alimlipia dada yake karo ya skuli. Na shilingi 5,000 alizileta kununua mikeka ya madrasa yetu. Mkono uliozipokea ni huu uandikao, na mdomo uliomwombea dua mbele ya watoto ni wangu. Basi msomaji asidhani kwamba twaandika tukiwa tumesimama pwani tukimtazama mwenzetu akizama. Maji yametufika na sisi.

Sasa hoja zake. Ya kwanza, alisema: "Maalim, dau ni senti. Hakuna auzaye nyumba kwa senti mbili. Waliokatazwa ni wale wajifilisio." Ya pili: "Wenzangu wabahatisha matokeo ya mipira, mimi nahesabu. Huu ni ustadi, na ushahidi ni daftari langu. Bahati haimpendelei mtu mmoja miezi kumi na minne." Ya tatu: "Tunaocheza sote tumeridhia. Sikumwibia mtu, wala sikumlazimisha." Ya nne: "Na biashara nayo je? Babu zetu walitia mali zao majahazini wakasafiri na pepo za kaskazi na kusi. Wengine walipata na wengine walizama. Nao walicheza kamari?"

Tuanze na ile ya kwanza, ya udogo wa dau. Wengi wadhani kuwa maysir, kamari ya Waarabu wa zama za ujahili iliyoshukiwa na aya, ilikuwa mchezo wa kuangamizana. Lakini hebu tutazame jinsi wafasiri walivyoieleza. Watu walikuwa wakimnunua ngamia kwa deni, wakamchinja na kumgawa mafungu, kisha wakatoa mishale kumi mfukoni. Mishale saba ilikuwa na mafungu, tangu fungu moja mpaka saba. Mitatu ilikuwa mitupu. Waliotokewa na mitupu ndio waliolipa bei ya ngamia. Na waliopata nyama, wengi wao hawakuila. Waliwapa maskini, na walikuwa wakijifakharisha kwa hilo, wakimbeza yule asiyeingia mchezoni.

Ndugu msomaji, zingatia. Hiyo ndiyo kamari iliyoharimishwa: mchezo wa majirani, hasara yake ni sehemu ya bei ya mnyama mmoja, na faida yake yenda kwa wenye njaa katika msimu wa shida. Na Qur'ani haikukana faida hiyo. Katika Surat al-Baqara, aya ya 219, imekiri kwamba ndani ya ulevi na kamari mna manufaa kwa watu, kisha ikasema kwamba dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa yake. Kisha katika Surat al-Maida, aya ya 90 na ya 91, likaja katazo lililofunga mlango. Basi ikiwa kamari ambayo ilimshibisha yatima haikusalimika, vipi itasalimika hii kwa sababu dau ni senti mbili, au kwa sababu imemlipia dada karo, au imeleta mikeka madrasani? Mtume (S.A.W.), katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, amemwamrisha mtu aliyemwambia mwenzake "njoo tucheze kamari" atoe sadaka, na huyo bado hajacheza, wala hajaweka dau la kiasi chochote. Ikiwa neno la mwaliko tu linahitaji kafara, hapana haja ya kuuliza ni kiasi gani cha dau ndicho kidogo.

Tena udogo wenyewe una hadaa. Wahenga wetu husema haba na haba hujaza kibaba, na kijana wetu alidhani amelifuata neno hilo. Lakini kibaba chake kimejazwa kutoka wapi? Na tufanye hesabu. Watu sita wameketi, kila mmoja ana dola mbili. Jumla ni dola 12. Mwenye meza, yaani kampuni, hukata sehemu yake katika kila fungu lishindaniwalo. Tuseme senti tano katika kila dola. Fungu likiwa ni senti 50, atwaa senti mbili na nusu. Yakishachezwa mafungu 240, ameshatwaa dola 6, na mezani zimebaki dola 6. Sasa ikiwa mmoja ameinuka na dola hizo sita, akasema "nimepata faida ya dola nne", wale watano wameinuka mikono mitupu. Wao wamepoteza dola 10. Yeye amepata nne, na kampuni imepata sita bila ya kushika karata. Hakikulimwa kitu, hakikushonwa wala hakikupikwa kitu. Fedha zile zile zimezunguka mezani, na kila mzunguko zikawa zapungua. Ndiyo maana katika meza hizi aliye stadi hana budi awashinde wenziwe kwa wingi, ili amlipe kwanza mwenye meza kisha abakiwe na chake.

Twaingia katika hoja ya pili, nayo ndiyo nguzo ya suala lote: kwamba huu ni ustadi, si bahati.

Hatusemi kuwa hapana ustadi. Upo. Lakini bahati nayo ipo mpaka mwisho. Katika bunda la karata 52, mtu kupewa ree mbili kwa pamoja hutokea mara moja katika 221. Na akizipata, akapambana na mwenye wazungu wa nne wawili, na wote wametia kila walicho nacho kabla ya karata tano kuwekwa, mwenye ree bado atashindwa karibu mara moja katika kila tano. Hana kosa alilofanya. Karata tu zimekuja hivyo. Na ile kanuni ya kijana wetu ya moja katika ishirini, kwa nini aliiweka? Aliiweka kwa sababu ajua kwamba hata akicheza vyema aweza kushindwa mara nyingi mfululizo. Basi kanuni yake yenyewe yashuhudia kuwepo kwa hicho anachokikana. Fundi seremala hagawi mbao zake mafungu ishirini kwa kuogopa kwamba msumeno leo utakataa kukata.

Lakini tuache hilo. Tumkubalie kwa hoja kwamba mchezo wote ni ustadi mtupu, usio na chembe ya bahati. Je, utakuwa halali? Hapa hatuna haja ya kubuni jawabu jipya, kwa sababu wanavyuoni wetu walikwisha kuulizwa juu ya mchezo wa namna hiyo, nao ni sataranji. Katika sataranji hapana dadu wala karata ya siri. Kila kitu ki wazi machoni, na ashindaye ameshinda kwa akili yake. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, ameutaja katika Minhaj, kitabu ambacho watu wa madhehebu ya Shafi, nasi wa mwambao huu ni katika hao, wakitegemea mno. Ameona kuucheza mtupu ni makuruhu. Lakini pakishartiwa mali kutoka pande zote mbili, hiyo ni kamari. Basi kinachoifanya kamari kuwa kamari si kukosekana akili mchezoni. Ni kule kuweka mali wewe na mwenzako, kila mmoja akiwa baina ya kuitwaa ya mwenziwe na kuikosa yake. Ndiyo maana hata katika mashindano ya farasi na ngamia na kutupa mishale, ambayo sharia imeruhusu zawadi kwa ajili ya manufaa yake, mafakihi waliona ni sawa zawadi ikitolewa na mtawala, au na upande mmoja tu. Na wawili walipotaka kuweka wote, wakashurutisha aingie wa tatu asiyeweka kitu, ili isiwe kamari. Na sisi twaushuhudia ustadi kila siku alasiri mabarazani mwetu. Bao ni mchezo wa akili nyingi, na mafundi wake wanasifiwa toka Lamu hadi Unguja, wala sifa hiyo hainunuliwi kwa dau.

Tena kuna neno alilolitamka kijana wetu bila ya kukusudia, nalo ndilo lililonizuia kulala usiku ule. Nilimwuliza: "Mwanangu, ukifungua simu wachaguaje meza ya kukaa?" Akajibu: "Natafuta meza yenye samaki, Maalim." Nikamwuliza samaki ni nani. Akasema ndilo jina ambalo wachezaji huwaita wale wasiojua kucheza vizuri, watiao fedha pasi na mahali pake. Stadi hakai mezani na mastadi wenziwe, kwa kuwa hapo hapana faida. Hutafuta pale walipo wasiojua.

Basi, ndugu zangu, tupime maneno haya kwa mizani. Mtu asema: "Fedha hizi si za bahati, ni za ustadi wangu." Ikiwa ni za bahati, hoja imekwisha, ni maysir iliyo dhahiri. Na ikiwa ni za ustadi, basi zatoka wapi? Hazitoki katika kitu kilichotengenezwa kwa ustadi huo. Zatoka mfukoni mwa mtu aliyechaguliwa kwa sababu ya ujinga wake. Ustadi wa daktari humfaa mgonjwa asiyejua dawa. Ustadi wa nahodha humfaa abiria asiyejua nyota. Ustadi wa fundi wa simu humfaa bibi ambaye simu yake imezimika. Lakini ustadi wa poka wamfaa nani zaidi ya mwenyewe? Kadiri uzidivyo, ndivyo umzidivyo hasara yule mnyonge aliyekaa mbele yako. Basi hoja aliyoileta kijana wetu kuwa ngao imekuwa shahidi dhidi yake: mbahatishaji hajui nani atakayeumia, huenda akawa yeye mwenyewe, lakini stadi ajua, na amejipangia iwe ni mwingine.

Na katika meza za senti, huyo mwingine ni nani? Hatumjui. Huenda ni mfanyakazi aliyechoka katika mji wa mbali. Huenda ni kijana wa Kisauni au Likoni ambaye shilingi zake 500 ni za nauli ya juma zima. Hapo ndipo ninapoyaelewa zaidi yale yaliyotajwa katika Surat al-Maida, kwamba Shetani ataka kutia uadui na bughudha baina ya watu kwa ulevi na kamari, na kuwazuia wasimkumbuke Mwenyezi Mungu na wasisali. Kijana wetu alisema: "Sijui jina lake, wala yeye hajui langu, uadui uko wapi?" Nami nasema: hilo halikuuondoa ubaya, limeuondoa haya. Laiti angekuwa amekaa naye barazani Kibokoni, akaziona fedha zake zikimwisha na uso wake ukigeuka, kijana huyu kwa malezi yake angesimama na kumrudishia. Simu imemfichia uso ule. Ama sala, mwenyewe alikiri kuwa meza hujaa wakati wa jioni ya Ulaya, nao kwetu ni tangu isha mpaka usiku mkubwa, na kwamba tangu alipoanza kupata faida, jamaa ya alfajiri ilimpita mara nyingi.

Hoja ya tatu ni ridhaa. Ni kweli kwamba Qur'ani, katika Surat an-Nisaa, aya ya 29, imetaja kuridhiana. Lakini imeitaja pamoja na biashara, baada ya kukataza kula mali kwa batili. Haikusema kwamba kila kilichoridhiwa si batili. Mwenye kutoa riba ameridhia. Mwenye kutoa rushwa ameridhia. Tena huyo mshindwa ameridhia nini? Ameridhia kushinda. Hakuna hata mmoja akaaye mezani akasema: "Nimeridhia fulani achukue dola zangu mbili." Kila mmoja ameridhia hasara ya mwenziwe. Mwenye kununua samli na mwenye kuiuza huachana kila mmoja akiwa na kile alichokitaka. Lakini wacheza kamari wakiachana, furaha ya mmoja ndiyo huzuni ya wa pili, na shilingi ya mmoja ndiyo pengo la mwingine.

Na hapo imejibika hoja ya nne, ya majahazi. Khatari haiharamishi chumo. Mvuvi hutoka asijue atarudi na nini, na mkulima hupanda asijue mvua. Lakini jahazi likifika salama, faida ya mwenye shehena haikutoka kwa yule ambaye jahazi lake lilizama. Imetoka katika kuchukua tende na vyombo kutoka huko na boriti kutoka huku, watu wa pande zote mbili wakapata wasichokuwa nacho. Bahari hukujaribu ukiwa njiani kwenda kazini. Kamari hukujaribu, na kujaribu huko ndiko kazi yenyewe. Hii ndiyo tofauti, na mwenye insafu haimpotei.

Wako watakaosema kwamba serikali imeruhusu. Sheria ya michezo ya bahati nasibu na kamari ya mwaka 1966, na ile ya mwaka 2025 iliyokuja kushika mahali pake, zote ni za kuweka masharti na leseni. Leseni humwondolea mtu polisi mlangoni. Haimwondolei suala la Siku ya Kiyama. Na tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, kisha makampuni ya kubahatisha mipira yakaenea katika miaka iliyofuata, nyumba ya kamari haina tena mlango wa mtu kuonekana akiingia. Yakaa mfukoni, karibu na tasbihi.

Wako pia watakaomsifu mtu wa mbali. Zipo hadithi mashuhuri za watu waliojenga mtaji wa poka kutoka kitu kidogo. Mmarekani mmoja, Chris Ferguson, alianza mwaka 2006 bila ya senti, kwa michezo isiyo na kiingilio, akajifunga kwa kanuni ile ile ya moja katika ishirini, akafika dola 10,000 katika muda wa kama miezi kumi na sita. Vijana husimuliana kisa hicho kama watu wasimuliavyo juu ya mfanya biashara aliyeanza na kapu la ndimu. Lakini tusimulie na upande wa pili. Uwanja alimochezea ulikuwa wa kampuni iitwayo Full Tilt Poker. Tarehe 15 Aprili 2011 serikali ya Marekani iliufunga uwanja huo pamoja na wenziwe, na ikadhihirika kwamba mwisho wa Machi mwaka ule kampuni ilikuwa ikiwadai wachezaji wake waamini kuwa fedha zao zipo, hali deni lao lilikuwa kama dola milioni 390, na katika benki mlikuwa na kama milioni 60 tu. Kila mmoja alikuwa akiiona hesabu yake katika kioo, imeandikwa vizuri, na nyuma ya kioo hamna kitu. Kampuni nyingine iliinunua mwaka 2012, na wachezaji wa Marekani hawakuanza kulipwa mpaka mwaka 2014. Hatutaji kisa hiki kuwa ni dalili ya hukumu, kwa kuwa haramu haiwi halali hata mwenye meza akiwa mwaminifu. Twakitaja ili asiyetosheka na dalili ya dini atazame na ya dunia.

Sasa jawabu letu kwa kijana huyu, nalo ni hili. Ulichokifanya ni kamari, na ustadi wako haukuitoa katika ukamari, bali umekuongezea jukumu. Iache, na utubie kwa Mola wako, naye ni Mwenye kupokea toba. Shilingi zako 500 za mwanzo ni mali yako, zichukue. Zilizozidi, wenyewe huwajui na huwezi kuwarudishia. Imamu Ghazali ameeleza katika Ihya, na Imamu Nawawi akalinukulu, kwamba mali ya haramu ambayo mwenyewe hajulikani hutolewa katika maslaha ya Waislamu wote, au hupewa mafakiri. Basi zitoe, lakini si kwa nia ya kungoja thawabu za sadaka, bali kwa nia ya kuutua mzigo mabegani. Ulichokwisha kukitumia hali hujui hukumu yake, twakutarajia msamaha. Nawe jitahidi kukitoa kidogo kidogo utakapopata wasaa. Ama mikeka ya madrasa, kwa kauli hiyo ya Ghazali, itabaki chini ya watoto. Lakini ile dua niliyoiomba, ya kushukuru chumo lako jema, naiondoa, na mahali pake nakuombea toba, nami najiombea pia. Kwa maana nilipozipokea fedha zile sikuuliza zimetoka wapi. Twapenda kumwuliza mtoaji jina lake ili tulitangaze; chumo lake hatuliulizi, kwa kuogopa jawabu.

Yangelikwisha hapa, lau si neno la mwisho alilonambia kijana huyu mlangoni, watu walipokwisha kutawanyika. Alisema kwa sauti ya chini: "Maalim, kabla ya kuingia mchezoni nilikwenda kwa watu watatu kuomba mkopo wa shilingi 15,000 za vyombo vya kutengenezea simu. Wote ni watu wa msikitini. Wote walinambia nisubiri. Simu haikunambia nisubiri."

Ndugu zangu, hoja zake nne nimeweza kuzijibu kwa vitabu. Hii ya tano haijibiki kwa kitabu. Twatumia katika harusi moja ya siku chache fedha ambazo zingewapa vyombo vya kazi vijana kumi. Kisha tukikutana nao usiku wameinamia simu, twawasomea aya. Aya ni haki, na mwenye kuisoma amefikisha. Lakini mwenye mali aliyemnyima kijana mkopo mwema usio na riba, hali aweza, kisha akamlaumu kwa kutafuta mtaji mezani kwa kamari, naye ajitazame ana sehemu gani katika dhambi hiyo. Kuuziba mlango wa haramu ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuufungua wa halali.

Kwa hivyo darsa yetu imeazimia kuweka sanduku la mkopo mwema, usio na ziada hata ya senti. Mwenye kutia atatia kilicho halali yake, na atarudishiwa chake. Wa kwanza kukopeshwa ni kijana huyu: shilingi 15,000, zile zile alizoziomba, naye atazirudisha kwa kazi ya mikono yake. Usiku wa pili alikuja na daftari lake, lile alilokuwa akiandika michezo. Amezikata kurasa za zamani, na katika ukurasa wa kwanza uliobaki ameandika deni lake kwetu. Uangalifu wake wa kuhesabu haukuwa na kosa. Ulikosa tu kazi ya halali.

Atakaye kutia chochote katika sanduku na aje baada ya isha. Na aliye na suala kama lake na aulize, wala asione haya. Kwani aulizaye mbele za watu amewafaa wengi walionyamaza.

Wallahu aalam.